Kopi iko wapi? Mashini yako, diski ya nje na kazi ya misimu miwili



Kila mwaka, wakati wafinalisti wanaanza kufunga kazi zao, simu yangu inapata ujumbe wa aina moja: "Grand, mashini imekataa kuwaka, na memwari yote iko ndani." Mimi ni agronome, si fundi wa mashini. Nafikiri wananiita juu wananijua: ata kwenye shamba la majaribio naulizaga kila mutu, "Kopi iko wapi?" Wengine wamechoka na hilo swali. Leo naliandika mara moja, na jibu lake, ili nisirudie.

Mwaka jana ilikuwa zamu ya rafiki tuliyesoma naye. Alikuwa na jaribio la maharagi, misimu miwili, A na B, aina 9 kwa marudio 4, ni kusema parseli 36. Alihesabu maganda kwa mkono, alipima mbegu 100 za kila parseli, alipiga picha za majani yenye ugonjwa. Vyote aliviingiza kwenye tablo za Excel, kwenye mashini moja. Ile mashini waliiiba ndani ya basi, jioni, akitoka shambani. Alibaki na daftari la msimu A lililopigwa na mvua, kurasa zimeshikana. Direkta alimpa njia mbili: aandike kwa msimu mmoja, kazi iwe nyembamba, ao arudi kulima. Alirudi kulima. Wenzake walitetea, yeye alikuwa anapanda maharagi tena. Bei ya diski ya nje ya 1 TB ilikuwa ndogo kuliko mbegu, nauli na vibarua alivyolipa mara ya pili.

Kwa sisi wa agronomia hili jambo halipaswi kuwa geni. Mama mlimaji wa kwetu haachi mbegu zote kwenye chungu kimoja. Zingine ziko kwake juu ya moshi wa jiko, zingine kwa dada yake upande mwingine wa mlima. Panya ikila za hapa, za kule zinabaki. Na wakubwa wa dunia wanafanya vile vile. Kituo cha ICARDA kilikuwa na benki ya mbegu karibu na Aleppo, Siria: ngano, shayiri, dengu na ndugu zao wa porini. Tangu 2008 kilikuwa kinatuma kopi za mbegu zake kwenye ghala la Svalbard, Norwe, ndani ya mlima wa baridi kali. Vita ikafika Aleppo, watafiti wakashindwa kufanya kazi pale kama kawaida. Mwaka 2015 wakaomba mbegu zao Svalbard, na ilikuwa mara ya kwanza mutu kutoa kitu katika lile ghala. Wakazipanda Lebanoni na Moroko, wakazizidisha, na kuanzia 2017 wakaanza kurudisha zingine Svalbard. Angalia vizuri hiyo hadithi: kopi ilikuwa mbali, ilikuwa imefungwa, na ilitengenezwa mbele ya shida.

Sasa turudi kwenye mashini. Watu wengi wakiniambia "niko na kopi", nikiuliza kidogo naona hawana. Mmoja ananiambia ameweka dosie kwenye D. Lakini kwa mashini nyingi za kubeba, C na D ni diski moja iliyokatwa vyumba viwili. Mwizi haachi chumba kimoja, na diski ikifa vyumba vyote vinakufa siku moja. Mwingine iko na "memwari kopi" pembeni ya "memwari" ndani ya dosie ileile. Hiyo inasaidia ukifuta sura ya pili kwa bahati mbaya, basi. Wa tatu anaonyesha kle USB, ileile anayochomeka kwenye kila sekretariati anapoenda kuimprime. Kle ni ya kusafirisha. Inapotea mfukoni, inavunjika, na kila mashini ya barabarani inaiachia virusi vyake.

Tena kwa virusi, kuna moja wote tunaijua: unafungua kle, unakuta dosie zako zimegeuka kuwa vijia vifupi, na nafasi imejaa lakini hakuna kitu. Usiformati haraka! Mara nyingi fishie bado ziko, zimefichwa tu. Kama kle ni herufi F, fungua dirisha jeusi la amri na uandike: attrib -h -r -s /s /d F:\*.* kisha subiri. Fishie zinarudi kuonekana. Usibonyeze vile vijia, vifute, na uscan kle kwa antivirusi mbele ya kuitumia tena.

Kuna kanuni inayojulikana kwa namba 3-2-1, na aliyeieneza ni mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh. Kopi tatu za kila kitu cha maana, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae fasi ingine mbali na nyumba. Kwa mwanafunzi wa kwetu naisoma hivi: kopi ya kwanza ni ile unafanyia kazi kwenye mashini. Ya pili ni diski ya nje. Ya tatu ni fishie chache za thamani kubwa, zipande kwenye intaneti. Google inatoa 15 GB bure, OneDrive 5 GB. Memwari yako, tablo za data na kodi za R havijazi ata nusu ya GB moja. Kama mega ni shida, jitumie kwa Gmail usiku, mradi fishie isizidi 25 MB. Picha na video, hizo achia diski.

Diski ya kununua. Ile ya kawaida, ya inchi 2.5, inakula umeme kupitia waya wake wa USB, haihitaji kuchomekwa ukutani. Kwa mji wenye delestaji hilo ni jambo kubwa. Zile kubwa za inchi 3.5 zinataka umeme wao peke yao. Ukikatika katikati ya kuandika, unaweza kukuta fishie nusu. 1 TB inatosha mwanafunzi kwa miaka. Ukiichomeka, Windows itakuonyesha kama 931 GB. Usirudi kugombana na muuzaji, hajakuibia: kiwanda kinahesabu kwa elfu moja, Windows inahesabu kwa 1024.

Kuibiwa kwenyewe ni kule kwingine. Kuna vile vidiski vidogo vyepesi na makle yanayoandikwa 2 TB, ata zaidi, kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani kuna GB chache tu, na mutu amechezea ile namba inayoonekana. Unaandika, inakubali, inaonyesha majina ya fishie zote. Siku ya kufungua, zile za mwisho ni takataka. Programu ya bure H2testw inaandika diski mpaka ijae, kisha inasoma yote na kukuambia ukweli. Kwa diski ya 1 TB inachukua masaa mingi, lakini fanya mbele garanti ya muuzaji haijaisha, ile garanti yetu ya "siku tatu, bila risiti".

Formati. Diski ikiwa FAT32, haitakubali fishie moja inayofikia 4 GB, na utaona video ya utetezi inakataliwa wakati nafasi iko mingi. Kama unatumia Windows peke yake, chukua NTFS. Kama diski itaingia pia kwenye Mac ya rafiki, chukua exFAT. Mimi napendelea NTFS juu inavumilia zaidi umeme unapokatika ao waya unapochomolewa vibaya. Kuformati kunafuta yote, kwa hiyo ni kazi ya siku ya kwanza, diski ikiwa tupu.

Kisha, nini cha kukopia? Hapa ndipo watu wanaanguka, juu wanachukua "Documents" na kulala. Windows yenyewe na programu zake usizihangaikie, hizo zinawekwa upya. Tafuta kile ambacho wewe peke yako umekitengeneza. Kwa mutu wa fakulte yetu kinakaa fasi nyingi kuliko anavyofikiri. Kuna bureau, ile ekrani ya kwanza, mahali ambapo nusu ya memwari za Kongo zinaishi. Kuna Downloads, mahali direkta anaingia na masahihisho yake kutoka WhatsApp na hauyahamishi. Kuna Zotero kama unaitumia kwa marejeo: kwa kawaida dosie yake haiko ndani ya Documents, iko pembeni, ndani ya dosie lenye jina lako kwa C, Users. Ukiisahau, utabaki na memwari yenye kurasa 80 na marejeo yaliyokufa.

Kama ulichora ramani na QGIS, jua kwamba shapefile si fishie moja. Ni familia: .shp, .shx, .dbf, .prj na wengine. Nimeona mutu amekopia .shp peke yake, juu ndiyo aliyoijua jina, na ramani ya vituo vyake vya sampuli ikageuka karatasi nyeupe. Chukua dosie zima. Na kama ulikusanya data na KoboToolbox, data ziko kwenye seva, ndiyo, lakini hamisha tablo ya mwisho pamoja na fomu yenyewe, ile XLSForm. Bila fomu, mwaka ujao hautakumbuka "q14_b" ilikuwa swali gani.

Jina la fishie nalo ni sehemu ya kopi. "TFC final", "TFC final vrai", "TFC final corrigé dernier": siku ya shida hakuna anayejua ipi ni mkubwa. Andika tarehe mbele, mwaka kwanza: 2025-03-14_memwari. Zinajipanga zenyewe.

Kopi ya kwanza ndiyo ndefu. Tuseme uko na GB 120. Kwa mlango wa zamani wa USB 2.0, hesabu kama MB 30 kwa sekunde: zaidi kidogo ya saa moja. Kwa USB 3.0, ule mlango ambao mara nyingi ni wa bluu, diski ya kawaida inaweza kufika karibu MB 100 kwa sekunde, na dakika 20 zinatosha. Hiyo ni kwa fishie kubwa. Fishie ndogo elfu kumi, kama picha za WhatsApp, zinaenda polepole zaidi. Anza betri ikiwa imejaa, zuia mashini isilale, na usitembeze diski ikiwa inazunguka. Ndani ya diski ya kuzunguka, kichwa kinachosoma kinaelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Kuisukuma na kiwiko inatosha. Ukimaliza, toa kwa ile alama ya kutoa salama, usichomoe tu.

Kuburuta dosie kwa mkono kunatosha mwanzo. Shida ni mara ya pili: Windows inakuuliza "badilisha ao ruka?", unabonyeza bila kusoma, na haujui tena ipi ni mpya. Ndiyo maana napenda amri ya robocopy, ambayo iko tayari ndani ya Windows. Mfano: robocopy "C:\Users\Jina\Documents" "E:\Kopi\Documents" /E /XO /R:2 /W:5. Inachukua dosie na watoto wake wote, inaruka fishie ambazo hazijabadilika, haiandiki ya zamani juu ya mpya. Zile R na W zinamaanisha: fishie ikikataa, jaribu mara mbili, ngoja sekunde 5, endelea. Usipoziandika, itajaribu mara milioni moja, na kila mara itangoja sekunde 30. Utaikuta pale asubuhi. Mara ya pili kazi inaisha kwa dakika chache.

Lakini kwenye intaneti utaona wanakushauri /MIR. Hiyo ni kioo: inafanya diski ifanane kabisa na mashini. Ukifuta sura kwenye mashini kwa makosa, kisha ukaendesha kioo, inafutwa na kwa diski. Ukikosea kuandika ipi ni chanzo, dosie tupu inaweza kumeza iliyojaa. Kwa mutu anayeanza nasema hapana.

Kwa asiyependa dirisha jeusi, Windows 8, 10 na 11 ziko na kitu kinaitwa « Historique des fichiers », ndani ya « Panneau de configuration ». Unachomeka diski, unaiwasha, na kila saa inachukua kilichobadilika. Uzuri wake ni kwamba inatunza hali za zamani. Kama leo umeharibu tablo na ukaisove, unaweza kurudi kwa ile ya Jumanne. Diski ikitolewa hainuni, inaendelea siku utakayoirudisha. Kwa kawaida inaangalia dosie za nyumbani: Documents, picha, muziki, bureau. Kile kilicho nje, kama ile Zotero ao dosie lako la D, hakiingii mpaka ukionyeshe.

Na diski isikae imechomekwa siku zote. Mwezi wa 5, 2017, WannaCry ilipita katika nchi zaidi ya 150, ata hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Virusi vya aina ile vinafunga fishie zako kwa ufunguo na kudai pesa, na kama diski imechomekwa, vinaweza kufunga na za diski. Mimi nachomeka Jumapili jioni, naendesha, natoa. Wiki za data za shamba, kila siku nikirudi.

Fasi ya kuiweka: si ndani ya mkoba wa mashini! Ule mkoba ndio mwizi anachukua. Na kama nyumba ni ya mbao, kwenye mitaa yetu ambayo moto ukianza unakula mstari mzima, diski ya nyumbani inaungua pamoja na mashini. Kaa nayo kwa shangazi, kwa ofisi, kwa rafiki wa kuaminika wa avenue ingine. Ndugu zetu wa Goma wanajua zaidi. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, na siku tano nyuma yake sehemu kubwa ya mji ikaambiwa ihame, watu walienda Sake, wengine Bukavu, wengine Rwanda, na kile mkono uliweza kubeba. Diski ya inchi 2.5 inaingia mfukoni. Kompyuta ya mezani haiingii.

Kama data zako ziko na majina ya walimaji, simu zao na GPS ya mashamba yao, diski ikipotea si wewe peke yako unayepata hasara. VeraCrypt ni ya bure na inafunga diski kwa neno la siri. Andika lile neno kwa karatasi, liache kwa mama, juu ukilisahau hakuna fundi atakayelifungua.

Bado kuna hatua moja ambayo karibu hakuna mutu anafanya: kufungua kopi. Mwaka 1998, pale Pixar, mutu mmoja aliendesha amri ya kufuta, na sehemu kubwa ya filamu Toy Story 2 ikapotea ndani ya mashini zao. Wakaenda kwa kopi za hifadhi, wakakuta zilikuwa hazifanyi kazi sawa, na hakuna aliyekuwa amejua. Waliokolewa na Galyn Susman, aliyekuwa amejifungua na akawa anafanya kazi nyumbani: mashini yake ya nyumbani ilikuwa na kopi ya filamu. Filamu ilitoka 1999. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi chukua diski yako, ichomeke kwenye mashini ya mwenzako, fungua fishie tano bila kuchagua: tablo moja, picha moja, ramani moja, PDF moja, na memwari yenyewe. Zikifunguka na tarehe zikiwa za karibuni, uko na kopi.

Kwa wale watakaoniandikia "grand, pesa haiko": mashini nyingi zilizokufa nyumbani zilikufa ubao ao ekrani, diski yake bado nzima. Kwa mafundi wa soko kuna vile visanduku vya USB vya diski ya inchi 2.5, unafungua mashini, unachomoa diski ya SATA, unaisukuma ndani, umepata diski ya nje. Mbele ya kuiaminia kitu, iangalie na CrystalDiskInfo, ya bure. Ikiandika rangi ya bluu, tumia. Ikiwa ya njano, ao ukisikia inagonga tik-tik-tik, toa kile kilicho ndani haraka na usiweke kingine.